Umbo la kichwa cha risasi na bunduki ya kuwindia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwindaji mwenye kibali anayetumia bunduki yenye darubini na kupiga kati ya mita 50 na 400. Tunaposema "kichwa" tunamaanisha kile kipande kinachotoka mtutuni na kuruka. "Risasi" ni kitu kizima: ganda, baruti na kichwa chake.

Ili namba zilinganike, mifano mingi inatumia risasi moja, .30-06 Springfield, yenye kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) kinachotoka kwa mita 823 kwa sekunde. Darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, hewa ni ya usawa wa bahari, na joto ni nyuzi 15 za Selsiasi. Tunalinganisha vichwa viwili vya uzito huohuo. Cha kwanza ni butu, chenye pua ya mviringo na mkia bapa. Cha pili ni cha ncha, chenye pua ndefu na mkia uliopunguzwa unene kuelekea nyuma. Namba zimepatikana kwa kukokotoa, kwa hiyo bunduki yako itatofautiana nazo kidogo.

Hewa inakifanya nini kichwa cha risasi?

Inakipunguza kasi, tena kwa nguvu ambayo wengi hawaidhanii. Kichwa kinapotoka mtutuni kwa mita 823 kwa sekunde kinakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Hewa iliyo mbele haipati nafasi ya kupisha, hivyo inasongamana na kuwa wimbi la mshindo kwenye pua. Wakati huo kichwa cha ncha kinavutwa nyuma kwa nguvu karibu mara 55 ya uzito wake. Kichwa butu kinavutwa kwa zaidi ya mara 100.

Ukinzani huo una sehemu tatu. Wimbi la mshindo mbele ndilo linalokula zaidi kichwa kikiwa na kasi kubwa. Nyuma ya mkia kuna uwazi wenye shinikizo dogo unaokivuta kichwa, na sehemu hii inazidi kuwa na uzito kadiri kasi inavyoshuka. Msuguano wa hewa kwenye ngozi ya kichwa ni mdogo kuliko hizo mbili.

Mvutano wa dunia haujali umbo. Vichwa vyote huanguka kwa mwendo uleule vikishatoka mtutuni. Kinachokifanya kichwa butu kionekane "kinashuka haraka" ni kwamba kinachelewa kufika, na katika muda huo wa ziada kinaendelea kuanguka.

BC iliyoandikwa kwenye pakiti ni nini?

Ni namba ya balistiki, yaani kipimo cha uwezo wa kichwa kutunza kasi yake hewani. Inatokana na mambo mawili: uzito ukilinganishwa na kipenyo, na umbo. Kichwa kizito, chembamba na chenye ncha ndefu kina BC kubwa.

Uzito kwa kipenyo unaweza kuukokotoa mwenyewe. Gawa greni kwa 7,000 upate ratili, kisha gawa kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa kwa chenyewe. Greni 180 kwa inchi 0.308 inatoa 0.271. Greni 140 kwa inchi 0.264, ambayo ni 6.5 mm, inatoa 0.287. Ndiyo maana vichwa vya 6.5 mm vinasifiwa kwa kutunza kasi ingawa ni vyepesi.

Kichwa cha ncha katika mifano yetu kina BC ya 0.48, na kile butu kina 0.25. Zote mbili ni za mfumo wa G1.

G1 na G7 zinatofautianaje?

BC hulinganisha kichwa chako na kichwa cha kielelezo. Kielelezo cha G1 ni kifupi na kina mkia bapa, umbo la enzi za zamani. Cha G7 ni kirefu na kina mkia uliopunguzwa, kama vichwa vingi vya kisasa. Kwa sababu vielelezo ni viwili, kichwa kimoja kina namba mbili, na ile ya G7 huwa karibu nusu ya ile ya G1. BC ya 0.48 kwa G1 inakuwa karibu 0.245 kwa G7.

Ndani ya mita 400 mfumo wowote unatosha, mradi usichanganye. Kosa linalorudiwarudiwa ni kuchukua namba ya G7 na kuiingiza kwenye programu iliyowekwa G1. Programu itaamini una kichwa butu. Kwa mita 300 itakuambia urekebishe sentimita 36 wakati unahitaji 27, na utapiga sentimita 9 juu. Katika mita 100 usingeona dosari yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anajaribu karibu, anaridhika, anaingia porini.

Kwa umbali ninaopiga kweli, tofauti ni kubwa kiasi gani?

Darubini zote mbili zimesawazishwa kwa mita 200, yaani kwa umbali huo kichwa kinagonga pale unapolenga. Alama ya + ni juu ya unapolenga, na − ni chini yake.

| Umbali | Ncha: kasi | Butu: kasi | Ncha: urefu | Butu: urefu |
|---|---|---|---|---|
| m 100 | 759 m/s | 702 m/s | +6.5 sm | +8 sm |
| m 200 | 698 m/s | 592 m/s | 0 | 0 |
| m 300 | 639 m/s | 490 m/s | −27 sm | −36 sm |
| m 400 | 583 m/s | karibu 400 m/s | −78 sm | −114 sm |

Itazame safu ya mita 100. Tofauti ni sentimita moja na nusu, na bunduki nyingi za kuwindia hutawanya risasi zaidi ya hapo. Hata mita 300, sentimita 9 ni kitu unachoweza kukijua mapema na kukiandika kwenye kadi.

Sasa chukua eneo la moyo na mapafu lenye kipenyo cha sentimita 15, ambalo ni kadirio la busara kwa swala wa wastani. Ukilenga katikati bila kurekebisha chochote, kichwa cha ncha kinatoka kwa chini ya eneo hilo karibu mita 237. Kile butu kinatoka karibu mita 230. Ni mita saba tu! Kwa anayepiga ndani ya mita 200, kulipia BC kubwa kwa ajili ya mshuko pekee hakumpi faida ya maana.

Kwa hiyo umbo halina maana kwa mwindaji?

Lina maana kubwa, lakini kwenye upepo. Hapa kuna upepo wa mita 5 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni moja kwa moja:

| Umbali | Ncha inasukumwa | Butu inasukumwa |
|---|---|---|
| m 100 | 2.5 sm | 5 sm |
| m 200 | 10 sm | 22 sm |
| m 300 | 25 sm | 54 sm |
| m 400 | 46 sm | zaidi ya m 1 |

Upepo hausukumi kichwa kulingana na muda wote kilichokaa hewani. Unakisukuma kulingana na muda kilioupoteza kwa sababu ya ukinzani, yaani tofauti kati ya muda halisi wa kuruka na muda ambao kingetumia kama pasingekuwa na hewa. Ndiyo maana BC inajionyesha hapa mara mbili zaidi kuliko kwenye mshuko.

Kuna jambo zito zaidi. Umbali unaweza kuupima kwa leza hadi mita moja, na mshuko unaujua. Upepo unaukadiria kwa macho. Mwindaji mzuri anaweza kukosea mita 2 kwa sekunde bila kujua. Kwa mita 300 kosa hilo linakisogeza kichwa cha ncha karibu sentimita 10, na kile butu karibu 22. Nusu ya eneo letu la sentimita 15 ni 7.5. Maana yake hata kichwa kizuri, kikipigwa na mtu asiye na uhakika na upepo, kinaweza kuangukia tumboni au begani na kumwacha mnyama akiteseka. Kwa wengi wetu, upepo ukivuma kwa nguvu, mita 300 ni mbali mno, na jibu sahihi ni kusogea karibu.

Nitaukadiriaje upepo bila kifaa?

Upepo unaousikia usoni huku majani yakichakacha ni kati ya mita 1.6 na 3.3 kwa sekunde. Majani na vijiti vyembamba vikitikisika bila kutulia, ni mita 3.4 hadi 5.4. Vumbi likiinuka na matawi madogo yakiyumba, ni mita 5.5 hadi 7.9, na hapo ni vyema kupunguza umbali wako kwa nusu.

Kisha angalia pembe. Upepo wa kutoka ubavuni kamili unahesabiwa wote. Ukija kwa nyuzi 45 na mstari wa kupigia, hesabu saba ya kumi. Kwa nyuzi 30, hesabu nusu. Unaokuja usoni au mgongoni hauna athari ya kuhangaikia ndani ya mita 300.

Upepo ulio karibu na wewe una uzito zaidi kuliko ulio karibu na mnyama, kwa sababu kichwa kikishageuzwa mwanzoni kinabeba mwelekeo huo safari nzima. Ukiwa umejificha nyuma ya kichuguu kisicho na upepo huku bonde la mbele linavuma, usipime kwa shavu lako peke yake. Tazama nyasi za katikati ya safari pia.

Mkia uliopunguzwa una faida gani?

Unapunguza ule uwazi wa shinikizo dogo nyuma ya kichwa. Faida yake inaongezeka kadiri kasi inavyoshuka, kwa hiyo ndani ya mita 250 ni ndogo. Pua ndefu inakusaidia mapema zaidi kuliko mkia.

Mkia bapa una sifa zake: ni rahisi kutengenezwa kwa usahihi, na bunduki nyingi hupanga risasi vizuri zaidi kwa vichwa vya namna hiyo. Ukikuta bunduki yako inaweka risasi tano za mkia bapa ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, na za mkia uliopunguzwa ndani ya sentimita 6, chagua zile za kwanza. Usiitupe sentimita 3 ya uhakika kwa faida ambayo iko mbali kuliko unapopiga.

Nichague kichwa chepesi chenye kasi au kizito chenye BC kubwa?

Linganisha kichwa cha ncha cha greni 180 na kingine cha greni 150 chenye BC ya 0.35 kinachotoka kwa mita 884 kwa sekunde. Kile chepesi kinaanza na mita 61 kwa sekunde zaidi. Kinaendelea kuongoza hadi karibu mita 250, ambapo kile kizito kinalingana nacho na kukipita. Kwa mshuko, darubini zikiwa sawa kwa mita 200, chepesi kiko sentimita 25 chini kwa mita 300, na kizito kiko 27. Chepesi bado kimenyooka zaidi!

Kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde mambo yanageuka: chepesi kinasukumwa karibu sentimita 32 kwa mita 300, na kizito 25. Kizito pia kina nguvu zaidi kinapofika na hupenya zaidi. Chepesi kinapiga bega kwa upole zaidi, na mpigaji asiyeogopa bunduki yake hulenga vizuri. Kwa swala mdogo hadi mita 250, chepesi kinatosha kabisa. Kwa mnyama mkubwa mwenye mifupa mizito, chukua kizito, na sababu kuu ni upenyaji, BC inakuja nyuma.

Kwa nini vichwa virefu havipigi vizuri kwenye bunduki yangu?

Huenda mifereji ya mtutu wako haivizungushi vya kutosha. Kichwa hutulia hewani kwa kuzunguka. Kadiri kinavyokuwa kirefu, ndivyo kinavyohitaji mzunguko wa haraka zaidi. Kipimo huandikwa kama mzunguko mmoja kwa inchi kadhaa: mtutu wa 1:8 unazungusha haraka kuliko wa 1:12. Mtutu wa 1:10 kwa mita 823 kwa sekunde unakizungusha kichwa zaidi ya mara 3,200 kwa sekunde moja.

Kinachoangaliwa ni urefu, uzito unakuja baadaye. Vichwa vya shaba tupu ndivyo vinavyowashangaza wengi. Shaba ina gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo na madini ya risasi yana 11.34, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule ni kirefu zaidi. Mtutu wa .223 wa 1:12, unaopiga vizuri vichwa vya greni 55, hauwezi kutuliza vile virefu vya greni 75. Kwa shaba, kanuni nzuri ni kushuka daraja moja la uzito: aliyekuwa anatumia greni 180 ajaribu 165 au 150.

Kukagua ni rahisi. Weka karatasi mita 50 na nyingine mita 100, piga, kisha zitazame matundu kwa karibu. Tundu la duara safi lina maana kichwa kimefika kikiwa kimenyooka. Tundu la yai, lenye doa la kijivu upande mmoja tu, linaonyesha kichwa kinayumba. Ukiona umbo la kichwa kizima kimelala ubavu, acha kutumia risasi hizo kwenye bunduki hiyo. Baridi kali hufanya hewa kuwa nzito na hupunguza utulivu, hivyo kichwa kilichokuwa kimetulia kwa shida mchana wa joto kinaweza kuyumba alfajiri ya baridi.

BC kubwa inaua vizuri zaidi?

Haiui yenyewe. Inachofanya ni kukifikisha kichwa kikiwa na kasi zaidi, na kasi ndiyo inayokifanya kifunguke.

Kila kichwa cha kuwindia kina kasi ya chini ambayo chini yake hakifunguki vizuri. Vingi vya kawaida, vyenye koti la shaba na moyo wa madini ya risasi, huhitaji karibu mita 550 kwa sekunde. Vingine laini hufunguka hata kwa 490. Vya shaba tupu mara nyingi huhitaji 550 hadi 610. Rudi kwenye jedwali la kwanza: kwa mita 300 kichwa cha ncha bado kina 639, na kile butu kina 490. Kwa nishati ni jouli 2,380 dhidi ya 1,400 hivi. Kichwa kisichofunguka kinatoboa tundu dogo na kutokea upande wa pili, na mnyama anakimbia mbali akiwa na jeraha la kufa polepole.

Kwa hiyo tafuta kasi ya chini ya kufunguka iliyotajwa na mtengenezaji, kisha tafuta umbali ambao kichwa chako kinaifikia. Huo ndio mwisho wako, hata kama unaweza kugonga sahani ya chuma mita 500.

Na usitumie vichwa vya mashindano kwa sababu BC yake inavutia. Vimetengenezwa kutoboa karatasi. Baadhi hupasuka juujuu mwilini, vingine havifunguki kabisa.

Kichwa butu hupita vichakani bila kupotoka, sivyo?

Hapana. Hakuna kichwa cha bunduki ya kuwindia kinachopita kwenye matawi bila hatari ya kupotoka, kiwe butu, kizito au cha polepole. Kijiti kikiwa sentimita chache mbele ya mnyama, kupotoka hakuonekani sana. Kikiwa mita 10 mbele yake, pembe ndogo inatosha kukosa. Tafuta uwazi, au usipige.

Je, kuna mahali ambapo kichwa butu au bapa ni bora?

Wapo wanyama wakubwa na hatari wanaopigwa karibu, mara nyingi ndani ya mita 100, kwa risasi kama .375 H&H yenye greni 300. Hapo BC haina kazi. Kinachotakiwa ni kichwa kigumu kinachopenya moja kwa moja, na pua bapa au ya mviringo hunyooka vizuri ndani ya mwili kuliko ncha ndefu.

La pili linahusu usalama wako. Bunduki yenye magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, isiwekwe vichwa vigumu vya ncha. Ncha inakaa juu ya kiwashio cha risasi iliyo mbele, na mtikisiko wa kupiga unaweza kuilipua ndani ya bomba. Tumia vichwa bapa, au vile vya ncha laini ya plastiki vilivyotengenezwa mahususi kwa magazini ya bomba.

Ncha ya risasi imejipinda ndani ya magazini. Niitupe?

Ncha ya madini laini iliyobonyea kidogo haitabadilisha kitu cha maana hadi mita 200. Dosari kwenye mkia ni mbaya zaidi. Gesi hutoka nyuma ya kichwa kinapoacha mdomo wa mtutu, na mkia usio sawa huifanya gesi itoke upande mmoja kwanza na kukisukuma kichwa pembeni. Kwa sababu hiyohiyo, mdomo wa mtutu uliogongwa kwenye jiwe unaharibu upigaji kuliko ncha kumi zilizobonyea.

Tupa risasi ambayo kichwa chake kimesukumwa ndani ya ganda au kinacheza. Hiyo inaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi.

Mwinuko na joto vinabadilisha nini?

Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ukisawazisha darubini pwani kisha ukawinda mita 2,000 juu, kichwa cha ncha kitagonga juu zaidi kwa pungufu ya sentimita 3 kwa mita 300. Upepo uleule wa mita 5 utakisukuma sentimita 20 badala ya 25. Kwa uwindaji wa kawaida, mabadiliko hayo yanamezwa na mtawanyiko wa bunduki. Unyevu wa hewa usikusumbue kabisa.

Joto linaathiri baruti zaidi kuliko hewa. Baruti nyingi huongeza kasi takriban nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, nyingine zaidi. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari kwenye jua hupandisha shinikizo bila sababu. Ziweke kivulini.

Nitatengenezaje kadi ya mshuko ya bunduki yangu?

Anza na kasi halisi. Kasi ya kwenye pakiti mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, na mtutu mfupi hupoteza takriban mita 6 hadi 10 kwa sekunde kwa kila inchi. Piga risasi 5 hadi 10 juu ya kipima kasi uchukue wastani. Pima pia urefu kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya darubini. Wengi huandika sentimita 4 bila kupima, kumbe darubini yenye lenzi kubwa imepanda hadi 5 au 6.

Piga kwanza mita 25. Kwa kichwa cha ncha cha mfano wetu, risasi inayogonga pale unapolenga mita 25 itakuwa karibu na mahali pake mita 200. Lakini kosa la sentimita 1 hapo linakuwa 8 kule mbali, kwa hiyo usiishie hapo. Sogea mita 100, piga risasi tano, acha mtutu upoe, piga tano nyingine. Rekebisha hadi katikati ya kundi iwe sentimita 6.5 juu. Darubini hurekebishwa kwa vipimo vya pembe, MOA au mil. Ya robo MOA inasogeza milimita 7 kwa kliki moja ya kirekebishio kwa umbali huo. Ya sehemu ya kumi ya mil inasogeza sentimita 1.

Kisha nenda mita 200 na 300 upige kweli. Programu ikisema −27 na karatasi ikasema −30, amini karatasi. Angalia kwanza kasi uliyoingiza, kwa sababu upungufu wa mita 30 kwa sekunde unatosha kuleta tofauti hiyo. Kisha angalia urefu wa darubini, na mwisho kabisa BC. Watu huanza kuchezea BC kwa kuwa ndiyo namba wasiyoielewa, halafu wanaficha kosa lililo mahali pengine.

Andika matokeo kwa mita 100, 200, 250, 300 na upepo wa mita 5, bandika kwenye kitako cha bunduki. Ukibadilisha aina ya risasi, hata ya uzito uleule, kadi hiyo imekufa na unaanza upya.

Nikipiga kwenda mlimani au bondeni?

Tumia umbali wa mlalo, usitumie ule wa mstari wa jicho. Kwa mteremko wa nyuzi 30, zidisha kwa 0.87: mita 300 zinakuwa karibu 260. Kanuni ni ileile juu na chini. Asiyejua hili hupiga juu ya mnyama pande zote mbili. Kwa upepo, endelea kuhesabu mita 300 kamili, kwa sababu kichwa kinapita hewani umbali wote.

Mnyama akitembea?

Kichwa cha ncha kinatumia sekunde 0.41 kufika mita 300, na kile butu 0.47. Mnyama anayetembea taratibu mita 1 kwa sekunde anakuwa amesogea zaidi ya sentimita 40, kutoka moyoni hadi tumboni. BC haikuokoi hapo. Subiri asimame.

Mzunguko wa dunia na kichwa kupotoka kuelekea upande kinakozunguka?

Vyote viwili vipo, na ndani ya mita 300 ni sentimita moja au mbili. Acha.

Je, haya yanahusu risasi ndogo ya .22 LR pia?

Ndiyo, na kwa namna ya pekee. Risasi za .22 LR za kasi kubwa hutoka juu kidogo ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 kwa sekunde kwa nyuzi 15, kisha huivuka zikiwa njiani. Katika ukanda huo ukinzani ni mkubwa mno, muda mwingi unapotea, na upepo unazisukuma zaidi kuliko zile za polepole zinazoanza chini ya kasi ya sauti. Kwa sungura au ndege wa mita 70 siku ya upepo, risasi ya polepole mara nyingi inagonga karibu zaidi na unapolenga, ingawa inashuka zaidi.